Nyumba Iliyokwisha Vitabuni

Mtu akipita katikati ya Dar es Salaam, kutoka Kisutu na Mtaa wa Jamhuri hadi Msimbazi kule Kariakoo, na ainue macho. Baadhi ya maghorofa ya zamani yana mwaka wa kujengwa ulioandikwa kwa saruji kwenye paji la nyumba. Mwaka huo ulikuwa pambo tu hadi Aprili 1971.

Mwezi huo Serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Mengi mjini yalikuwa ya watu wenye asili ya Asia, na wengi wao walihama nchi baadaye. Fidia ilipimwa kwa umri. Jengo lililopita miaka 10 halikulipiwa kitu. Lililo chini ya hapo lilipunguziwa kadiri ya miaka yake.

Wahasibu huita jambo hili uchakavu. Lori, mashine ya kusaga au jengo hununuliwa mara moja lakini hutumika miaka mingi. Kwa hiyo bei yake hugawanywa, kila mwaka ukabeba fungu lake. Tuseme ghorofa liligharimu shilingi 240,000 mwaka 1965, tukalikadiria maisha ya miaka 10. Kila mwaka unakula 24,000. Kufika 1971 miaka sita imekwenda, zimebaki 96,000. Jirani yake la mwaka 1960 limebaki sifuri.

Hapo ndipo penye neno. Sifuri hiyo ni ya daftari. Wapangaji waliamka mle mle, duka la chini likafunguliwa, na kodi ya mwezi ikadaiwa kama kawaida, ila mpokeaji sasa ni Msajili wa Majumba. (Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza tulikuwa na lori lililokwisha kitambo kwa hesabu za karatasi, nalo ndilo lililotuletea mahindi.) Uchakavu haupimi nyufa za ukuta. Unaonyesha tu kwamba watu wamekaa wakakubaliana kugawa gharama kwa miaka kadhaa, na anayechagua 10 badala ya 40 amechagua pia nani atalipwa.

Waliotetea sheria ile walikuwa na hoja, nami siipuuzi: mwenye nyumba aliyepokea kodi miaka 10 huenda alikwisha kurudisha mtaji wake. Lakini mtaji kurudi ni jambo moja, na nyumba kwisha ni jingine. Sheria iliyatia yote katika kapu moja.

Tena kuna kiwanja. Mhasibu hakitozi kiwanja uchakavu, kwa kuwa hakizeeki. Kwetu ardhi ni ya umma, na kwa miaka mingi ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Thamani yote iliwekwa kwenye matofali, yaani kwenye kile kinachochakaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ndiyo iliyokiri wazi kwamba haki ya mtu juu ya ardhi ina thamani. Kabla ya hapo, mwaka 1990, majumba ya Msajili yalikuwa yamehamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Baadaye baadhi ya yale ya mjini yalibomolewa, yakapanda majengo marefu. Hakuna mjenzi aliyefuata pale saruji ya mwaka 1938. Na yaliyosalia yana wapangaji hadi leo, nguo zimeanikwa barazani juu ya maduka.