Mrija, Kikombe na Agizo: Unywaji na Uvutaji Nyakati za Magonjwa ya Mlipuko Katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Tarehe 25 Machi 2020, Rais Edgar Lungu alitangaza kufungwa kwa baa, vilabu vya usiku, kasino, kumbi za sinema na kumbi za mazoezi kote nchini Zambia. Wiki moja kabla ya hapo, Rais Félix Tshisekedi alikuwa amekwisha kufunga baa upande wa Kongo. Hivyo, kabla ya Machi kwisha, pande zote mbili za Ziwa Mweru zilikuwa chini ya agizo linalofanana, na katika suala la ulevi agizo hilo lilisimama juu ya neno moja: baa. Makala haya yanadai kwamba neno hilo halikutaja mahali wanaponywea watu wengi wa mwambao huu, na kwamba kosa hilo la msamiati lina uzito wa kisera.

Kenani, katika wilaya ya Nchelenge, ni mahali pazuri pa kuanzia. Tangu Agosti 2017 pamekuwa kituo cha kuwapokea wakimbizi waliokimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, ambao kuanzia Januari 2018 walihamishiwa makazi ya Mantapala. Mkimbizi anayefika hapo huja na Kiswahili cha Katanga, na mara nyingi na Kibemba pia. Huja na *lutuku* na kuikuta *kachasu*. Majina ni mawili, kinywaji ni kimoja: pombe ya kukeneka, ile ambayo Mtanzania huiita gongo na Mkenya chang'aa. Neno *kachasu* lenyewe ni la Kireno, ndugu wa *cachaça* ya Brazili, na limesafiri na njia za biashara kama lilivyosafiri neno tumbaku. Kwa mtafiti wa lugha, orodha hii fupi inatosha kuonyesha kwamba mwambao una mfumo kamili wa ulevi ambao haujawahi kuhitaji neno baa.

Maelezo bora ya mfumo huo wa zamani yameachwa na Audrey Richards, aliyeishi miongoni mwa Wabemba mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ardhi, kazi na chakula mwaka 1939. Pombe yao ya heshima, *katubi*, ilitengenezwa kwa ulezi. Chungu kilimiminiwa maji ya moto, nao wanywaji wakafyonza kwa mrija, zamu kwa zamu, maji yakiongezwa hadi ladha ilipokwisha. Pombe hiyo ilikuwa chakula, ilikuwa ujira wa walioitwa kusaidia shambani, ilikuwa pia njia ya kumtukuza mkubwa. Ni kweli kwamba Richards aliandika juu ya nyanda za juu, si juu ya Washila na Wabwile wa ziwani, ambao chakula chao kikuu ni muhogo na samaki. Hata hivyo, jambo linalotuhusu hapa halitegemei aina ya nafaka. Linategemea chombo kimoja kinachopita midomo mingi, na ugumu wa kukikataa bila kumkataa anayekupa.

Mwambao huu haukuanza kupokea maagizo ya afya mwaka 2020. Kati ya 1907 na 1910, kwa hofu ya malale, utawala wa Kampuni ya British South Africa uliwahamisha watu kutoka kingo za mto Luapula na Ziwa Mweru, ukawazuia kuvua. Ruhusa ya kurejea ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwanahistoria Mwelwa Musambachime ameeleza kwa kina gharama za kijamii na kiuchumi za zoezi hilo. Sioni ajabu kwamba jamii iliyonyang'anywa ziwa kwa jina la afya hulitazama agizo jipya kwa kuuliza kwanza: safari hii tunanyang'anywa nini?

Ugonjwa wa kuhama-hama ulifuata. Mafua ya 1918 yaliikuta Rhodesia ya Kaskazini ikiwa njia ya askari na wapagazi. Jeshi la von Lettow-Vorbeck lilisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, na mafua yakawaua wengi miongoni mwa waliosubiri kurudishwa makwao. Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara hiyo. Wakati huohuo, huko Ulaya na Marekani, madaktari wengi waliwaandikia wagonjwa wao wiski na brandi kama dawa. Imani kwamba kileo kinachochoma koo huchoma na ugonjwa, kwa hiyo, haikuzaliwa kijijini.

Tena haikufa. Aprili 2020, Gavana wa Nairobi Mike Sonko alitangaza kutia konyagi ya Hennessy katika vifurushi vya msaada akiieleza kuwa kitakasa koo; kampuni yenyewe ikalazimika kukanusha kwamba kinywaji chake kinakinga. Nchini Iran mamia walikuwa wamekwisha kufa kwa kunywa methanoli. Hapa nalaumu kidogo fani yangu. Tuliwaambia watu wapake mikononi dawa yenye alkoholi, na katika matangazo mengi alkoholi ikafasiriwa kwa neno lilelile la pombe. Msikilizaji aliyeelewa kwamba pombe huua kirusi alikuwa ameisikia sentensi yetu sawasawa.

Agizo la kufunga baa humfunga mwenye leseni, kwa kuwa ndiye mwenye mlango unaoonekana. Mwanamke anayepika pombe uani hana leseni ya kunyang'anywa. Ana watoto wa kulisha, na wateja ambao sasa hawana pa kwenda. Pombe ya nafaka huchukua siku nyingi kutengenezwa, harufu yake hutangaza, na haikai muda mrefu. Kachasu hufichika chini ya kitanda na haichachi. Kila unywaji unapolazimika kujificha, basi, faida humwelekea anayeuza kikali. Marekani ilijifunza hivyo katika miaka ya 1920, vileo vikali vilipoipita bia. Agizo linaweza kupunguza idadi ya wanywaji na wakati huohuo likawasukuma waliobaki kwenye chupa mbaya zaidi, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Uganda, ambayo baa zake zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa Januari 2022, ingefaa kutazamwa kwa swali hili, kwa maana hakuna jirani aliyefunga kwa muda mrefu hivyo.

Kuhusu tumbaku nitasema machache. Afrika Kusini ilipiga marufuku uuzaji wa sigara kuanzia mwisho wa Machi hadi Agosti 2020, na waziri Nkosazana Dlamini-Zuma alitoa hoja kwamba wavutaji hulowesha karatasi kwa mate kisha hupokezana. Watu walimcheka, hata hotuba ikageuzwa muziki. Lakini hoja ilikuwa na ukweli wa kitabia: anayenunua sigara moja moja ndiye anayeombwa pafu. Tatizo ni kwamba marufuku iliongeza kile ilichotaka kuzuia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikuta kuwa wavutaji wengi waliendelea kununua kimagendo kwa bei iliyopaa, na sigara inapokuwa ghali hugawanywa zaidi.

Kwa washauri wa sera, pendekezo langu linahusu chombo, si jengo. Ujumbe wa Kenani na Mantapala uandikwe kwa Kiswahili cha Katanga na Kibemba, utaje mrija, kikombe, chungu na pafu kwa majina yake, na umfikie mpika pombe kabla ya polisi. Yeye ndiye anayeamua kama pombe itatolewa kwa mrija mmoja au kwa kata, kila mtu na kikombe chake.

Hata ushauri huo usinakiliwe kutoka ugonjwa mmoja hadi mwingine. Kipindupindu kilipoizuka Zambia Oktoba 2023, hatari haikuwa pumzi, ilikuwa maji. Kwa ugonjwa huo katubi ya maji yaliyochemka ina nafuu kuliko kikombe safi kilichojazwa kinywaji kilichozimuliwa kwa maji ya ziwani. Kwa UVIKO-19 mrija uleule ndio wa kuogopwa. Mpika pombe akielezwa sababu, anaweza kubadili chombo. Akiambiwa tu kwamba baa zimefungwa, atajibu, na atakuwa sahihi, kwamba yeye hana baa.