Pepo za Juu ya Kionga: Historia ya Utafiti wa Angahewa ya Juu na Suala la Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kwa karne nyingi mabaharia wa mwambao walipanga safari zao kwa kufuata kaskazi na kusi. Hizo ni pepo za karibu na uso wa bahari. Zilizovuma kilomita 20 juu ya matanga hazikuwa na jina, kwa kuwa hazikuwa zimepimwa. Makala hii inaeleza jinsi pepo hizo za juu zilivyogunduliwa, jinsi fizikia ya nadharia ilivyozifafanua, na kwa nini suala hilo linaigusa sera ya lugha huko Quionga, kusini mwa mlango wa Mto Ruvuma.

2.0 Safari ya mwaka 1908

Kionga ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, ikabaki katika koloni lao hadi Wareno walipoiteka Aprili 1916. Ndani ya kipindi hicho, mwaka 1908, Arthur Berson wa kituo cha uchunguzi cha Lindenberg aliongoza msafara uliorusha maputo yenye vipimo katika Ziwa Viktoria na pwani ya Dar es Salaam. Mkuu wa kituo hicho, Richard Assmann, alikuwa miongoni mwa waliotangaza mwaka 1902 kuwapo kwa tabakastrato, yaani tabaka lililo juu ya lile la mawingu na mvua.

Matokeo yalishangaza. Majivu ya volkano ya Krakatoa, iliyolipuka Agosti 1883, yalikuwa yamesafiri kuelekea magharibi, hivyo wataalamu waliamini kwamba juu ya ikweta huvuma pepo za mashariki. Maputo ya Berson yalikuta pepo zinazotoka magharibi.

3.0 Ufafanuzi wa kinadharia

Hitilafu hiyo ilidumu kwa nusu karne. Mnamo 1960 na 1961, R. A. Ebdon nchini Uingereza na Richard Reed nchini Marekani walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba pepo hizo hupokezana: za mashariki hufuatwa na za magharibi, na mzunguko mzima huchukua takriban miezi 28. Kumbe vipimo vyote viwili vilikuwa sahihi. Vilitofautiana kwa wakati tu.

Mwaka 1968 Richard Lindzen na James Holton walitoa nadharia ya chanzo chake. Mawimbi ya hewa yanayozalishwa chini hupanda na kusafirisha mwendo hadi tabakastrato. Yanapofifia huko, huusukuma upepo uelekee yanakoelekea yenyewe. Kwa hiyo kila awamu huanzia juu na kushuka takriban kilomita moja kwa mwezi. Mpokezano huu una nguvu zaidi juu ya ikweta, na Quionga, iliyo kwenye latitudo ya takriban digrii 10 na nusu kusini, imo upande wa pembezoni mwa ukanda wake. Mwaka 2000 Matayo Indeje na Fredrick Semazzi walichapisha utafiti unaouhusisha na mvua za msimu za Afrika Mashariki.

4.0 Istilahi na sera

Kuziita awamu hizi kaskazi na kusi kungepotosha, kwani majina hayo yamefungamana na majira ya mwaka, ilhali mpokezano huu haufuati mwaka. Makala hii inapendekeza istilahi "mpokezano wa pepo za tabakastrato", kwa sababu kitenzi pokezana kinabeba dhana yenyewe: mmoja huacha, mwingine hushika.

Suala hili si la kamusi peke yake. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya Cabo Delgado. Agosti mwaka huohuo, SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Tahadhari huokoa pale tu inapoeleweka, na wakazi wa ukanda wa Quionga na Palma huzungumza Kimakwe na Kiswahili.

5.0 Hitimisho

Pepo za juu ya mwambao huu zilipimwa zikaandikwa kwa Kijerumani, kisha zikafafanuliwa kwa Kiingereza. Inashauriwa kwamba BAKITA na taasisi za hali ya hewa za Tanzania na Msumbiji ziandae kwa pamoja istilahi za angahewa, na wazungumzaji wa Kimakwe na Kimwani washirikishwe tangu hatua ya kwanza.