Kutoka Ngoro za Mbinga Hadi Lango la Liwonde

Muda mrefu kabla ya lami, njia ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ilikuwa ya wachuuzi: dagaa wa usipa wakipanda mlima, mahindi na maharage yakiteremka. Nimeishuka njia hiyo nikifuatilia historia ya maji ya Ziwa Nyasa, na watu waliojaribu kuyashika.

Kazi hiyo huanzia juu, Umatengo, kwenye milima ya Mbinga. Mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza shambani kwa mistari inayokatana. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi, hadi shimo lizungukwe na matuta pande zote nne. Hiyo ndiyo ngoro. Maharage na mahindi huota juu ya matuta, maji hutuama shimoni na kunywea polepole, na udongo hausombwi. Kwa zaidi ya karne moja milima mikali hivi imelimwa bila kuchunwa ngozi.

Kutoka Mbamba Bay nilifuata mwambao kwenda kaskazini hadi Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe kubwa lililo mbele ya bandari. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia hapa meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa nchi kavu kwa matengenezo. Vita hivyo vinakumbukwa. Lililolipata ziwa lenyewe miaka hiyo limesahaulika.

Kufikia mwaka 1915 maji yalikuwa yameshuka hadi takriban mita 470 juu ya usawa wa bahari. Mto Shire, mlango pekee wa kutokea maji, ukaziba kwa mchanga na matete. Kwa takriban miaka 20 maji hayakutoka kwa kiasi cha maana. Ziwa likapanda mwaka hadi mwaka, hadi mto ukafunguka tena mwaka 1935.

Mwaka 1965 binadamu akaweka mkono wake. Lango la Kamuzu lilijengwa Liwonde, Malawi, kwenye mto huohuo, ili kuhifadhi maji ya masika na kuyaachia kiangazi kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Nkula, Tedzani na Kapichira iliyojengwa baadaye. Miaka ya karibuni lango limekarabatiwa na kuongezewa uwezo wa kuzuia maji kwa sentimita 40 zaidi. Tangu 1965 Ziwa Nyasa ni bwawa pia, na mvuvi wa Liuli yuko kwenye ukingo wake.

Hata hivyo nguvu ya lango ina mpaka. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 29,600 hivi, kwa hiyo sentimita moja ya maji ni karibu mita za ujazo milioni 300. Mto ukitoa mita za ujazo 300 kila sekunde, kupunguza sentimita hiyo moja huchukua siku 11 hivi, mvua na mito mingine ikiwa haijaongeza kitu. Sehemu kubwa ya maji huondolewa na jua. Ndiyo maana mwaka 1980 ziwa lilifika karibu mita 477 ilhali lango lipo: tofauti ya mita saba na ile ya 1915.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini ukingo upi? Kwenye fukwe tambarare, ongezeko la mita moja humeza uwanja mzima wa kuanikia usipa. Mita hizo 60 zihesabiwe kutoka alama ya 1980, alama hiyo ichorwe kwenye mialo yote kuanzia Mbamba Bay hadi Lituhi, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ivisomee vijiji vipimo vya ziwa pamoja na taarifa za Liwonde. Anayejenga nyumba ufukweni ana haki ya kujua maji yaliwahi kufika wapi.