Kusikiliza Kabla ya Kushauri: Historia ya Walimu Waliowalea Walimu Wenzao, kutoka Henrico hadi Kabete na Baadaye

1. Utangulizi

Historia ya elimu Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata sera, mitaala na majengo. Mtu aliyetumwa kutoka shule moja hadi nyingine ili amsaidie mwalimu mwenzake hutajwa kwa nadra, na anapotajwa hutajwa kwa cheo chake, si kwa namna alivyozungumza na mwenyeji wake. Insha hii inachunguza namna hiyo ya kuzungumza. Istilahi ya ulezi wa kitaaluma imetumika hapa kwa maana ya msaada ambao mwalimu humpa mwalimu mwenzake akiwa kazini, kwa njia ya kutazama somo, kuuliza na kushauriana.

Kiswahili chenyewe kinatoa mwanga wa kuanzia. Kusikia ni kazi ya sikio. Kusikiliza ni tendo la kukusudia. Kusikilizana ni hali ya watu wawili kufikia maelewano. Hatua hiyo ya tatu haifikiwi na mtu mmoja peke yake. Hoja kuu ya insha ni kwamba mlezi anaweza kufunzwa kusikiliza, lakini kusikilizana kwake na mwalimu kumetegemea pia jambo lililo nje ya tabia yake: taarifa ya ziara yake ilikwenda kwa nani, na ilitumika kufanya nini.

2. Henrico, 1908: mwalimu mzuru

Chimbuko mojawapo la ulezi uliofika Afrika Mashariki liko katika jimbo la Virginia, Marekani. Mwaka 1907 Anna T. Jeanes, mwanamke wa madhehebu ya Kwekeri kutoka Philadelphia, alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani Weusi kusini mwa nchi hiyo. Mwaka uliofuata Jackson Davis, msimamizi wa shule za kaunti ya Henrico, aliomba sehemu ya fedha hizo ili amwajiri mwalimu wa kuzuru shule. Aliyeteuliwa ni Virginia Estelle Randolph, ambaye tayari alikuwa akifundisha katika shule ndogo ya Mountain Road. Alipewa jukumu la kuzihudumia shule 23.

Jambo la kuzingatia katika uteuzi huo ni uhuru aliopewa. Randolph hakukabidhiwa mwongozo mmoja wa kutumia kila mahali. Alipanga kazi kwa kufuata mahitaji ya kila shule: pengine uwanja ulihitaji kusafishwa, pengine mwalimu alihitaji msaada wa kufundisha kazi za mikono, pengine wazazi walihitaji kukutanishwa. Mpango wa namna hiyo usingewezekana bila kwanza kuuliza na kutazama. Taarifa yake ya kazi, iliyojulikana kama Mpango wa Henrico, ilisambazwa kwa wasimamizi wa shule katika majimbo mengine ya kusini, na walimu wa kuzuru wa aina yake wakaitwa walimu wa Jeanes.

Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na mipaka. Shule hizo zilikuwa sehemu ya mfumo wa ubaguzi wa rangi, na mwalimu wa Jeanes alisimama kati ya jamii yake na maafisa Weupe walioshika fedha. Alilazimika kuwasikiliza wote wawili, ilhali ni upande mmoja tu uliokuwa na uwezo wa kumwachisha kazi. Hali hiyo ya kusimama katikati ndiyo iliyosafiri pamoja na mpango wenyewe hadi Kenya.

3. Kabete, 1925: mlezi chini ya misheni

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwa James Emman Kwegyir Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, na katibu wake alikuwa James W. C. Dougall. Tume ilipendekeza elimu inayoafikiana na maisha ya kijijini, na mfano wa walimu wa Jeanes ukaonekana kufaa. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilianzishwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa shirika la Carnegie, na Dougall akawa mkuu wake wa kwanza.

Walimu waliochaguliwa na misheni walikwenda Kabete pamoja na wake zao. Wanaume walifunzwa kusimamia na kusaidia shule ndogo za vijijini, pamoja na kilimo na usafi. Wanawake walifunzwa malezi ya watoto na utunzaji wa nyumba. Baada ya mafunzo walirudi katika maeneo yao na kuanza kuzuru shule. Kwa muundo wake, hiki kilikuwa chuo cha mapema cha kuandaa walimu wa Kiafrika wawe washauri wa walimu wenzao.

Ugumu wa kazi yao ulikuwa katika nafasi waliyopewa. Mwalimu wa kijijini na mlezi aliyemzuru kwa kawaida walikuwa chini ya meneja mmoja, naye ni mmisionari. Mwalimu aliyeulizwa, "Ni nini kinachokutatiza?" alikuwa na sababu ya kupima jibu lake, kwa kuwa tatizo alilolieleza asubuhi lingeweza kumfikia meneja jioni. Ujumbe nao ulikuwa umeamuliwa kabla ya safari kuanza: elimu ya kijijini, kilimo, usafi. Katika Gold Coast na Kenya vilevile, wapo Waafrika waliotilia shaka elimu iliyowaandaa kubaki vijijini wakati shule za Wazungu zilifuata mtaala mwingine.

Shaka hiyo ilidhihirika zaidi kuanzia mwaka 1929. Mgogoro kati ya misheni na Wakikuyu kuhusu tohara ya wanawake uliwafanya wazazi wengi kuwaondoa watoto katika shule za misheni, na shule huru za Wakikuyu zikapanuka katika miaka ya 1930. Haifai kudai kwamba mawasiliano bora ya walezi yangeuzuia mgogoro huo, kwani chanzo chake kilikuwa kikubwa kuliko darasa. Kinachobainika ni kwamba mfumo uliokuwa na watu waliofunzwa kufikisha ujumbe vijijini haukuwa na njia imara ya kuurudisha ujumbe wa vijijini kwa waliotoa uamuzi. Mlezi alipewa mdomo wa misheni. Sikio lake halikupewa mamlaka yoyote.

Mwaka 1961 eneo la shule hiyo lilikabidhiwa Chuo cha Utawala cha Kenya. Mahali palipoandaliwa walezi wa walimu pakawa mahali pa kuandaa watawala wa dola mpya.

4. Baada ya uhuru: mkaguzi na mshauri

Serikali huru zilirithi wakaguzi wa shule, na papo hapo zikahitaji washauri. Nchini Tanzania, baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, mpango uliojulikana kama MTUU, yaani Mpango wa Tanzania, UNESCO na UNICEF, uliwatumia wakufunzi wa kuzunguka waliokuwa na makao katika vyuo vya ualimu na kuzisaidia shule za jirani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakaandaliwa kuwa walimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na uangalizi wa walimu wenye uzoefu. Kwa vijana hao, mwalimu mwenzao wa karibu alikuwa sehemu ya chuo chao.

Wakati huohuo Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 iliimarisha mamlaka ya mkaguzi kuingia shuleni na kukagua. Nchini Kenya, vituo vya ushauri kwa walimu vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970 viliwekewa wakufunzi wa kuwasaidia walimu wa eneo lao, sambamba na idara ya ukaguzi. Kwa maneno, kazi hizo mbili zilitenganishwa. Kwa mwalimu aliyesimama mbele ya darasa, mgeni mwenye daftari alikuwa mgeni mwenye daftari. Kitenzi kukagua kilikuwa kimekwisha kubeba maana ya kutafuta kasoro, na mshauri aliyefuata nyuma ya mkaguzi alilazimika kutumia sehemu ya ziara yake kuthibitisha kwamba yeye si mkaguzi.

5. Kusikiliza kama stadi

Katika Chuo Kikuu cha Harvard, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, Morris Cogan na wenzake, akiwemo Robert Goldhammer, walijenga utaratibu ulioshughulikia tatizo hilohilo. Ziara ya darasani iligawanywa katika hatua: mazungumzo kabla ya somo, kutazama somo, kuchambua kilichoonekana, kisha mazungumzo baada ya somo. Katika mazungumzo ya kwanza mwalimu ndiye anayeeleza anachotaka kitazamwe. Mtazamaji huandika yaliyotendeka na kusemwa, si hukumu yake. Kusema "Wanafunzi wanne wa mstari wa mbele ndio waliojibu maswali yote" kunamwachia mwalimu nafasi ya kufikiri. Kusema "Hukuwashirikisha wanafunzi" kunamlazimisha ajitetee.

Utaratibu huo unadai stadi mahususi: kuuliza swali ambalo muulizaji hana jibu lake tayari, kunyamaza baada ya kuuliza, kurudia kwa maneno mengine alichosema mwalimu ili kuhakikisha kimeeleweka, na kuahirisha ushauri mpaka mwalimu amalize maelezo yake. Hakuna kati ya hizo inayohitaji kipaji adimu. Zote zinahitaji muda, nao ndio ambao mzuru wa shule nyingi hana.

Bruce Joyce na Beverly Showers, ambao tangu mwaka 1980 walitetea ulezi kama njia ya kuyafikisha mafunzo ya walimu darasani, walichukua hatua kubwa zaidi. Mwaka 1996 walieleza kwamba waliona ni lazima kuondoa maoni ya mdomo baada ya somo, kwa kuwa walimu, hata walipojaribu kuepuka hukumu, waliangukia katika kutathminiana. Badala yake walipendekeza kwamba anayefundisha ndiye ahesabiwe kuwa mlezi, na anayetazama awe ndiye mwenye kujifunza. Mgeni anaingia darasani kuchukua, si kutoa. Pendekezo hilo linapindua mpangilio wa Kabete na wa ukaguzi kwa pamoja.

6. Kishikwambi na jumuiya

Karne ya sasa imelirudisha swali la taarifa kwa sura mpya. Programu ya Tusome, iliyoenezwa katika shule za msingi za umma nchini Kenya kuanzia mwaka 2015, iliwapa maafisa wa kusaidia mtaala vishikwambi vya kutumia wanapotazama masomo ya kusoma. Kifaa kilimsaidia afisa kukumbuka mambo ya kujadili na mwalimu, na kikatuma takwimu za ziara hiyo ngazi za juu. Karibu na wakati huohuo, Tume ya Huduma za Walimu ilianzisha tathmini ya utendakazi wa walimu, ambayo nayo hujumuisha kutazama somo. Mwalimu wa Kenya hivyo hutazamwa kwa makusudi mawili, na mara nyingi ni vigumu kwake kuyatofautisha.

Tanzania ilibadili jina la wakaguzi kuwa wathibiti ubora wa shule, na mwongozo wao wa mwaka 2017 ulisisitiza kuisaidia shule badala ya kutafuta makosa. Baadaye Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, yaliweka msisitizo katika jumuiya za kujifunza zinazokutana shuleni penyewe. Muundo wa jumuiya uko karibu zaidi na kusikilizana, kwa kuwa wanaokutana wana hadhi inayokaribiana na watakutana tena wiki zijazo. Lakini jumuiya ikianza kudaiwa mihtasari kwa ajili ya kuhesabu vikao tu, nayo itageuka kuwa mahali pa kutaja yanayoandikika.

7. Hitimisho

Kutoka Henrico hadi jumuiya za MEWAKA, mafunzo ya kusikiliza yamehitajika lakini hayajatosha. Randolph aliweza kuanza na haja ya kila shule kwa sababu hakufungwa na mpango mmoja. Mlezi wa Kabete alifunzwa vizuri, ila ujumbe wake uliandikwa na wengine na meneja wake alikuwa pia meneja wa aliyemshauri. Joyce na Showers waliona hukumu ikipenya hata kati ya walimu walio sawa.

Kwa programu za sasa, historia hii inaelekeza kwenye hatua moja inayotekelezeka: maandishi ya kilichoonekana darasani yabaki mikononi mwa mwalimu aliyetazamwa, na kinachokwenda juu kiwe tarehe ya ziara na aina ya msaada ulioombwa. Tathmini ya ajira ifanywe siku nyingine, na mtu mwingine. Bila utengano huo, mwalimu ataendelea kumwandalia mgeni somo la kuonyeshwa, na mlezi, hata akiwa na sikio jema, atasikiliza somo ambalo halifundishwi siku nyingine yoyote.