Spika ya njia mbili

Spika ya njia mbili ni spika inayogawa sauti kati ya vipaza viwili vilivyofungwa katika sanduku moja: wufa kwa sauti nzito na za kati, na twita kwa sauti nyembamba. Sauti hugawanywa na kichujio, yaani sakiti ya koili na kapasita. Koili hupunguza sauti nyembamba zinazoelekea kwenye wufa. Kapasita hupunguza sauti nzito, ambazo zingeweza kuunguza twita.

Mfano unaojulikana ni LS3/5A, iliyobuniwa na BBC nchini Uingereza katika miaka ya 1970 ili itumike hasa ndani ya magari ya matangazo. Ilikuwa na wufa B110 na twita T27 za kampuni ya KEF, na mgawanyo wa sauti ulikuwa karibu hezi 3,000. Wapenzi wengi wa muziki wameiunda upya nyumbani.

Anayerekebisha spika kuukuu hukagua kwanza kapasita, kwa kuwa zile za elektroliti hukauka na kubadilika thamani kadiri miaka inavyopita. Kuweka wufa au twita ya aina nyingine bila kupiga upya hesabu za kichujio huharibu uwiano wa sauti, hata kama kifaa kipya ni ghali zaidi.