Dioksini: sumu inayozaliwa bila kutakwa

Dioksini na ndugu yake furani ni sumu zenye klorini. Hakuna kiwanda kinachozitengeneza kwa kuuza. Zinazaliwa zenyewe wakati klorini, kaboni na joto vinakutana, kwa mufano pale viwanda vinatengeneza dawa za kuua majani ao za kulinda mbao.

Tarehe 10 Julai 1976, mutambo wa kiwanda cha ICMESA, karibu na Seveso kule Italia, ulipata joto kupita kiasi. Wingu la sumu likatoka. Wanyama wengi walikufa, watoto wakapata vidonda vya ngozi, na familia nyingi zikahamishwa.

Kindu si muji wa viwanda vya kemikali, lakini dioksini inaweza kuzaliwa hata nyuma ya nyumba. Mutu akichoma waya za umeme ili apate shaba, plastiki yake inatoa klorini, na shaba yenyewe inaharakisha kazi. Moshi unaanguka kwenye majani na udongo. Mbuzi anakula, kuku anachokora, na sumu inaingia katika mafuta ya nyama, maziwa na mayai. Katika mwili wa mutu, nusu yake inaweza kubaki miaka 7 hadi 11. Inaweza kuleta kansa na kuharibu ukuaji wa mutoto.

Kuna njia ingine, inayogusa wamama zaidi: pemba, ule udongo unaouzwa ku soko na kuliwa na wenye mimba. Uchunguzi wa maziwa ya mama uliofanywa na OMS na PNUE katika inchi mbalimbali ulionyesha dioksini nyingi katika maziwa kutoka RDC, na alama zake zilifanana na zile za udongo. Dioksini hiyo ni ya zamani sana, haitoki kiwandani. Kuoka pemba ku moto wa jikoni hakuiondoi.

RDC iliingia katika Mapatano ya Stockholm mwaka 2005, yanayoomba kila inchi ipunguze sumu hizi. OMS inaendelea kusema mama anyonyeshe, kwa sababu faida ni kubwa kuliko hatari. Kinachofaa kuachwa ni pemba wakati wa mimba, na kuchoma waya. Shaba inaweza kutolewa kwa kisu, bila moto.