Gitaa ni ya Nani? Historia Fupi Kutoka Busia na Tororo

Mwezi huu zamu ya historia ni yangu. Nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya mpaka, lakini mnajua vile kumekuwa na maneno kuhusu vyombo vya bendi tangu nirudi kutoka Busia. Kwa hivyo nimeunganisha yote mawili. Someni mpaka mwisho ndipo mnilaumu.

Kwa wale wageni: sisi tuna gitaa moja ya umeme, ile ya wanaoanza kujifunza, na ampu ndogo ya wati 10. Tulipewa kama msaada. Kwa mazoezi ndani ya chumba ilitosha kabisa. Shida ilianza tulipopiga Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni. Ngoma tatu zinalia, jenereta inanguruma nyuma ya hema, na mpiga solo wetu anaonekana kama mtu anayejikuna tumbo. Hakuna aliyemsikia. Tukaanza kuchanga. Baada ya miezi minne tulikuwa na shilingi 430,000 za Uganda. Nikatumwa Busia mimi na mpiga solo, kwa sababu shangazi yangu anakaa huko, na vitu vya mtumba vinapatikana pande zote mbili za mpaka.

Busia mimi naijua tangu zamani. Januari 2008, baada ya fujo za uchaguzi Kenya, niliingia Uganda hapo nikiwa na miaka 6, nimekaa nyuma ya baiskeli, nimemshika mwendeshaji shati. Tukapelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye Kiryandongo. Ile baiskeli ilikuwa bodaboda, na jina lenyewe ni la pale pale. Kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda kulikuwa na mwendo wa kutembea, watu wana mizigo, na kuanzia miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli walikuwa wakiwaita abiria kwa kutaja mpaka kwa Kiingereza, mara mbili. Leo neno hilo liko Kampala, Nairobi, hata Juba.

Baiskeli na gitaa ni ndugu, msicheke. Watoto wengi Afrika Mashariki na Kongo walianza kupiga gitaa ya kujitengenezea: galoni ya mafuta, ubao, na nyuzi zilizochambuliwa kutoka kwenye waya wa breki. Franco mwenyewe, yule wa OK Jazz, alianza na gitaa aliyojiundia akiwa mtoto Kinshasa, mama yake anauza sokoni.

Sasa kilichotupata Busia. Siku ya pili tulikutana na mzee mmoja mwenye baa. Alikuwa na kila kitu: gitaa mbili nzuri, besi, ampu kubwa zinazofika kiunoni, maikrofoni. Akasema tuweke pesa zetu mfukoni, yeye hataki hata shilingi. Tupige kwake Ijumaa na Jumamosi. Bendi iitwe jina la baa yake. Na vyombo visitoke nje ya mlango wake.

Mpiga solo wangu alishika ile gitaa, akapiga dakika tano tu, nikaona macho yake yamebadilika. Siwezi kumlaumu. Hata mimi nilisikia mwili umesimama nywele.

Usiku nilimwambia shangazi. Yeye hakusema mengi, alisema tu, "Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri maungo." Nikaenda kulala na hilo neno, na hapo ndipo nikaanza kukumbuka historia ya bendi zetu.

Angalieni majina. OK Jazz ilianza mwaka 1956 Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville. Hizo herufi OK zilitoka kwa OK Bar, baa ya Oscar Kashama, walipokuwa wanapiga. Njooni Tanzania. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 na vyombo vya chama cha wafanyakazi, NUTA. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo jina likaanza na DDC. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo kama wengi wenu, alijulikana dunia nzima na bendi ya Super Matimila. Matimila ni nani? Ni mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Remmy ndiye aliyetunga, ndiye aliyeimba, ndiye watu walimlipia kiingilio. Jina likawa la mwenye gitaa.

Sisemi kila mwenye vyombo ni mtu mbaya. Bila hao labda hatungekuwa na muziki wa dansi kabisa. Gitaa ya umeme na ampu vilikuwa bei ya nyumba kwa mtu wa kawaida, na wanamuziki wa NUTA walipata mshahara wa mwezi, jambo ambalo sisi hatuna. Lakini mwanamuziki aliyetaka kuondoka aliondoka mikono mitupu. Ndiyo sababu ukisoma historia ya bendi za Dar es Salaam utaona watu wanahamahama kila mwaka: anayeleta vyombo vipya ndiye anayepata wapigaji.

Na huku kwetu mpakani? Kwanza tukumbuke kwamba nyuzi hazikuletwa na mzungu. Wajopadhola wa Tororo wana tongoli, Wateso wana adeudeu, Wabukusu ng'ambo wana litungu, Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi 8. Gitaa ilipofika, vidole vilikuwa vimeshajua kazi. Ndiyo maana benga inasikika vile inavyosikika: gitaa ya solo inakimbia kama nyatiti. D. O. Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Shirati Tanzania ambaye alifanya kazi yake Kenya, alijenga jina lake lote kwa mtindo huo.

Halafu kuna Vita Kuu ya Pili. Fundi Konde kutoka Pwani ya Kenya alikuwa kwenye kikosi cha jeshi cha kuburudisha askari wa Afrika Mashariki. Baada ya vita wanamuziki wa kikosi hicho walikaa kwanza Kampala kama bendi ya Rhino, kisha wakatawanyika kuelekea Nairobi na Mombasa. Reli ya kutoka Kampala kwenda Nairobi inapita Tororo. Kwa hiyo kabla ya sisi kupita hapa na magodoro, gitaa zilishapita. Konde anahesabiwa kati ya Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa ya umeme.

Miaka ya 1970 njia ilijaa zaidi. Orchestra Makassy ilikuwa na makao Kampala, ikakimbia hatari za wakati wa Idi Amin na kwenda Dar es Salaam. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipiga Kampala na wenzake wa Les Kinois, halafu wakahamia Nairobi mwaka 1977. Nchi mpya, lugha nyingine, kuomba vibali, kuanza upya. Hiyo si mnaijua?

Lakini mfano ulionisaidia zaidi sio wa bendi kubwa. Ni wa Waluhya wa magharibi mwa Kenya, mwendo mfupi tu kutoka Busia. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gitaa kavu kwa vidole, mtindo unaoitwa omutibo. Pembeni kulikuwa na chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mikunjo, inakwanguzwa ili kutoa mdundo. Baadaye wakaja Abana ba Nasery wa Bunyore, Shem Tube na wenzake wawili: gitaa mbili na chupa. Hakuna aliyewadai chupa. Na kwa gitaa hizo hizo kavu walifika mpaka Uingereza miaka ya mwanzo ya 1990.

Asubuhi nikamwambia mwenzangu twende Tororo kwanza, kuna fundi redio karibu na soko ambaye shangazi anamjua. Gitaa yetu tulikuwa nayo begani. Yule mzee aliigeuza, akachungulia shingo kwa jicho moja kama mtu anayelenga, akasema, "Nani amewaambia hii ni mbaya? Hii haijawahi kutengenezwa tu."

Hapa aandike mwenye daftari, maana hii ndiyo faida ya safari.

Kwanza, nyuzi zilikuwa na kutu, hazijabadilishwa tangu dukani. Nyuzi mpya, 25,000. Pili, nyuzi zilikuwa juu sana, ndiyo maana vidole vilikuwa vinauma na sauti inatoka nje ya mstari. Akateremsha vile vyuma vya kwenye daraja, akakaza kidogo chuma kinachopita ndani ya shingo, robo mzunguko tu, akasubiri, akapima tena. Tatu, ule mkwaruzo tuliodhani ni gitaa kuzeeka ulikuwa ni waya mmoja umelegea kwenye tundu la kuchomekea. Akatia lehemu. Akasafisha vitufe vya sauti. Kazi yote 35,000. Mpiga solo alipoijaribu alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Kumbe."

Nne ni ampu. Fundi alituambia tusidanganywe na wati peke yake. Ili sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili, wati zinatakiwa kuongezeka karibu mara 10. Spika kubwa na nzuri inasaidia kuliko namba iliyoandikwa mbele. Na ampu usiiweke chini inapigia watu magoti; inua juu ya kiti, weka ukuta nyuma yake. Tena angalieni maandishi nyuma ya mashine: umeme wetu ni volti 240, ya Marekani ni 120. Ukichomeka hiyo ya Marekani moja kwa moja, utaona moshi kabla ya kusikia muziki.

Alijua kanisa moja Tororo ambalo lilikuwa limepata vyombo vikubwa na kuuza vya zamani. Tukapata ampu ya wati 30, spika ya inchi 10, kwa 320,000. Jumla 380,000. Zilizobaki 50,000 ziko kwa mweka hazina, za nyuzi.

Ukitaka kupanda kutoka gitaa ya kujifunzia, basi, utaratibu ni huo: tengeneza uliyo nayo, halafu ampu, na gitaa mpya iwe ya mwisho. Wale wa Konono No. 1 kule Kinshasa, tangu miaka ya 1960, walitoa sumaku kwenye magari mabovu wakajiundia vikuza sauti vya likembe. Sauti ilikwaruza, na huo mkwaruzo ndio dunia ikaja kuwapendea. Lakini vilikuwa vyao.

Sasa sehemu ngumu, ambayo wengi mnaniuliza pembeni. Ndiyo, mpiga solo hakurudi na mimi. Alibaki Busia. Tuliagana stendi, akaniambia, "Ndugu yangu, miaka yangu inakwenda. Wewe una subira, mimi nina mtoto." Mle baa analipwa kila wikendi. Wanaosema alituuza waache, tafadhali. Remmy alipiga vyombo vya mtu, na Franco alianzia kwenye baa ya mtu. Yeye anafanya walichofanya wakubwa. Namtakia heri, na nimemwomba kitu kimoja: kabla hajazoea, aandikishe kwenye karatasi nyimbo zipi ni zake, hata kama gitaa si yake.

Na sisi tuandike pia. Napendekeza kwenye kikao cha Jumamosi tuweke mambo matatu katika daftari: gitaa na ampu ni mali ya kikundi, sio ya mwenyekiti wala ya aliyeenda kununua, yaani mimi, anayehama kambi haondoki navyo, lakini anaweza kuja kupiga wakati wowote, na ufunguo wa kabati ukae kwa watu wawili, mmoja wao awe msichana, maana mpaka leo wasichana watatu wanaojifunza hawajawahi kuushika. Ndugu zetu wa mashirika, mkitaka kutusaidia tena, tusaidieni nyuzi, na mtuletee fundi wa kutufundisha lehemu.

Mwisho, nina kazi kwenu. Kila bloku ina mzee au mama aliyewahi kucheza dansi Bukavu, Kampala, Juba au Kisumu. Muulizeni bendi ya kwao iliitwaje na vyombo vilikuwa vya nani. Leteni majibu Jumamosi. Na tunahitaji mtu wa solo. Gitaa haiumi vidole tena, njooni mjaribu.